Mama Hatua na Swali la Tisa

Jumamosi ikifika saa mbili asubuhi, seremala huzima msumeno wake wa umeme, akakaa juu ya rundo la mbao na kikombe cha chai, na mteja yeyote atakayetokea wakati huo huonyeshwa kidole mdomoni: subiri. Si kwamba amechoka. Chumba cha pili kutoka karakana yake mke wake anafundisha hesabu, ingawa humo ndani hamna mwanafunzi hata mmoja.

Kuna meza, taa ya kusomea, na kitu ambacho mgeni angekidhania kiti cha mtoto kilichosahauliwa kumaliziwa. Seremala alikiunda kwa vipande vya mbao vilivyobaki: miguu minne, juu ubao wenye tundu. Simu hulala chali juu ya ubao ikirekodi somo la kuwatumia wanafunzi, jicho lake la nyuma likichungulia karatasi iliyo chini. Mkono wa mwalimu huingia hapo kati na kalamu nene, na sauti yake hufuata: "Haya wanangu, hatua ya kwanza."

Hiyo "hatua ya kwanza" ndiyo iliyompa jina. Amefundisha miaka ishirini na sita, amemeza vumbi la chaki la kutosha kupaka nyumba chokaa, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kumpa mtu alama kwa jibu lililotua kwenye karatasi kama limedondoka dirishani. "Jibu bila hatua ni uvumi," huwaambia. "Mimi sisikilizi uvumi, nina umri wa kutosha." Wanafunzi wakamwita Mama Hatua, kwanza kwa siri, halafu hadharani, na siku hizi hata mkuu wa shule akipitiwa humwita hivyo.

Mtu angedhani mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye miwani miwili na simu aliyorithi kutoka kwa mwanawe, angekuwa wa mwisho kuhangaika na vifaa vya kisasa. Ndivyo walivyodhani wenzake. Shule ilikuwa imepewa vishikwambi kumi, vile vibao vya kioo unavyoandika kwa kidole, na kwa miaka miwili vilikaa kwenye kabati la mwalimu wa taaluma, ndani ya mifuko yao ya plastiki, vikitunzwa kuliko vyombo vya wageni. Mama Hatua aliviomba. Akanyimwa. Akaomba tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, kila Jumatatu saa nne kasoro robo, hadi mwalimu wa taaluma akaanza kujificha chooni ikifika saa hiyo. Hatimaye akampa funguo ili apate kunywa chai yake kwa amani.

Alichokitaka hakikuwa picha za kupendeza. Tatizo lake lilikuwa moja na la miaka mingi: wanafunzi waliweza kufanya hesabu wasiweze kuisema. Ukimuuliza mtoto aliyepata jibu sahihi, "Hapa ulifanyaje?", anatazama dari kama jibu limeandikwa huko. Na asiyeweza kusema alichofanya, Mama Hatua aliamini, kesho hataweza kukifanya tena. Basi akawagawa wawili wawili. Mmoja anaandika kwenye kishikwambi huku anaeleza, mwingine anashika na kusikiliza, na kifaa kinarekodi maandishi na sauti kwa dakika mbili. Uso hauonekani. Kisha rekodi inawekwa ukutani kwa projekta, darasa zima la watu arobaini na wanne linaitazama, na aliye na swali anauliza.

Wiki ya kwanza ilikuwa vicheko vitupu. Wiki ya tatu wakaanza kubishana, na ubishi wa hesabu, kama hujawahi kuusikia, ni mtamu kuliko wa mpira. Na kulikuwa na wale ambao mbele ya darasa midomo yao ilikuwa imegandishwa. Hao aliwapeleka mmoja mmoja kwenye stoo ya vifaa vya michezo, katikati ya nyavu na mipira iliyoishiwa upepo, wakaongee na kioo cha kishikwambi. Kioo hakicheki. Wengi walifunguka humo.

Jambo moja zaidi lazima lisemwe ili yaliyotokea yaeleweke. Darasani kwa Mama Hatua hakuna kufuta. Ukikosea, unachukua rula, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, unaendelea chini yake. "Kosa likatwe, lakini lisomeke," ndivyo anavyosema. "Ukilifuta, umenificha nilichotakiwa kukufundisha." Vifutio alivinyang'anya na kuvitia kwenye kopo la kahawa juu ya dirisha, na kopo lilishajaa.

Mwaka huo ukafika mtihani wa kuchagua wanafunzi wa mkondo wa sayansi. Alama sitini kwenda juu, unaingia. Chini ya hapo huingii, na mlango huo ukishafungwa haufunguliwi tena, kila mzazi anajua. Ili kusiwe na upendeleo, karatasi za darasa moja husahihishwa na mwalimu wa darasa jingine. Mama Hatua alisahihisha za wenzake, wenzake wakasahihisha zake, orodha ya waliochaguliwa ikabandikwa Jumatatu jioni kwenye ubao wa matangazo.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana mwalimu kijana aliyesahihisha karatasi zake alimletea rundo lote, akasimama kando ya meza akikunakuna shingo.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani, sijui niseme vipi. Swali la tisa..."

"Marahaba. Swali la tisa limefanya nini?"

"Darasa lako lote wamekosa, mwalimu. Wote arobaini na wanne. Na wamekosa kosa lilelile."

Swali la tisa lilikuwa jepesi: 11 − 2x > 5, tafuta x. Unahamisha kumi na moja, unabaki na −2x > −6, unagawa kwa hasi mbili. Na ukigawa kwa namba hasi, alama ya "kubwa kuliko" sharti igeuke iwe "ndogo kuliko". Jibu ni x < 3. Karatasi arobaini na nne zilisema x > 3.

Watoto arobaini na wanne hawawezi kuteleza pamoja kwenye jiwe moja isipokuwa kuna mtu aliyewaongoza hapo. Mama Hatua alichukua simu, akavaa spika za masikioni, akafungua somo lake la Jumamosi ya wiki tatu nyuma. Hesabu ilikuwa 7 − 2x > 1. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, −2x > −6, sawa. Hapo jogoo wa jirani akawika kwa nguvu, sauti yake yeye ikasema, "Ngoja tumpishe mheshimiwa," na picha ikakatika. Ilipoendelea karatasi ilikuwa mpya. Alikuwa amenakili upya, ameharakisha, na mkono wake mwenyewe, mbele ya macho yake mwenyewe, ukaandika x > 3. Sauti ikamalizia kwa furaha: "Mmeona? Kitonga, rahisi kabisa!"

Nyani haoni kundule: miaka ishirini na sita ya kusomea watu hatua zao, na hii yake ilizunguka wiki tatu kwenye simu za watoto pasipo yeye kuirudia hata mara moja.

Akaanza kupekua karatasi, moja baada ya nyingine, akijiadhibu. Ya thelathini na moja ilimsimamisha. Ilikuwa ya binti wa fundi friji, mrefu, mwembamba, aliyeitwa na wenzake Penseli, na ambaye kwa mwaka mzima hakuna aliyemsikia akitamka sentensi nzima darasani. Hata stoo ya michezo haikumfungua. Rekodi zake zilikuwa maandishi safi na pumzi tu. Kwenye swali la tisa Penseli alikuwa ameandika x < 3. Pembeni, kwa herufi ndogo sana, alikuwa amejaribu namba nne ndani ya swali na kuandika "hapana", halafu mbili na kuandika "ndiyo". Halafu juu ya yote hayo kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa rula, na chini yake: x > 3.

Jumla yake ilikuwa hamsini na saba. Swali la tisa lilikuwa na alama tano.

Alimwita baada ya kengele ya mwisho. Binti akaja akasimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Hapa ulikata. Kwa nini?"

Binti akajibu kwa sauti ya kumwambia sakafu: "Nilikosea, mwalimu."

"Ulijuaje kwamba umekosea?"

"Haikufanana na ya kwako."

Mama Hatua alitaka kumwambia pale pale, wewe ndiye uliyepatia, mimi ndiye niliyekosea. Lakini angekuwa amemtwika mtoto siri ya wakubwa, akae nayo nyumbani asijue aifanyie nini. Kwanza ilipaswa isemwe mbele ya wenye orodha.

"Nyumbani wanasemaje?" akauliza tu.

"Baba amesema si neno. Amesema nikitaka nijifunze kushona." Akaukumbatia mkoba zaidi. "Lakini mimi sipendi kushona, mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema anachopenda au asichopenda. Mama Hatua alienda nyumbani miguu mizito.

Wifi yake, dada wa seremala, alikuwapo akimenya viazi. Wifi huyu ana jibu la kila kitu, na mara nyingi hulitoa kabla ya swali. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Wifi yangu, usijikaange kwa mafuta yako. Yule mwalimu wa taaluma anakutafutia sababu tangu umpokonye funguo. Ukienda kusema umefundisha makosa kwa simu, kesho vibao vyako vinarudi kabatini na wewe unarudi kwenye chaki na kikohozi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mmoja."

"Ndiyo. Huyo mmoja ndiye ninayemuuliza."

Wifi akamgeukia kaka yake amsaidie. Seremala alikuwa anapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi zake, na yeye si mtu wa maneno mengi.

"Mimi nikiukata mlango mfupi," akasema, "siwezi kumwambia mteja fremu yake imerefuka."

Wifi akasonya, akarudi kwenye viazi vyake.

Asubuhi Mama Hatua hakwenda kunong'ona ofisini. Aliomba kikao: mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na walimu wote wa hesabu. Akafunga pazia, akawasha projekta, akaiweka video yake mwenyewe ukutani, pamoja na jogoo. Mkono wake ukaandika x > 3 kwa ukubwa wa mlango. Akaisimamisha hapo.

"Hili ni kosa langu," akasema. "Si la kifaa na si la watoto. Na hii hapa ni karatasi ya mwanafunzi aliyejua, akakata alichojua kwa sababu mimi nilisema vingine."

Ungemwona! Mtu mfupi, mkononi karatasi moja, uso umewaka kwa aibu na hajaufunika. Wapo walimu wanaostaafu na heshima zao kamili kwa kuwa hawakuwahi kusema sentensi tatu kama hizo. Mimi nawavulia kofia wachache, na huyu ni mmoja wao.

Mwalimu wa taaluma hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni alikuwa nayo mkononi. "Kazi iliyokatwa haisahihishwi," akasoma. "Kanuni ya saba. Na kama sikosei, mwalimu, kamati iliyoiandika, mwenyekiti wake ulikuwa wewe."

"Hukosei."

"Basi. Na nilishasema, vifaa hivi vinawafanya watoto wameze tu. Naomba virudi kabatini."

"Virudi kama mtaamua," Mama Hatua akajibu. "Ila mnipe kitu kimoja kwanza. Darasa langu halijaambiwa chochote. Waonyesheni picha hii ukutani, kila mmoja ajirekodi dakika mbili: hatua hizi ni sahihi, kama si sahihi, kwa nini? Atakayeeleza vizuri apewe alama tano za swali la tisa. Kila mmoja wa darasa langu, si binti huyu peke yake."

Mkuu wa shule akatazama dari muda mrefu, kama mwanafunzi. Halafu akakubali, kwa sharti alilolitaka mwalimu wa taaluma: yeye ndiye atasimamia, na Mama Hatua asikanyage darasani wala asiseme na mwanafunzi wake yeyote hadi Ijumaa.

Siku mbili hizo zilimtesa kuliko aibu ya kikao. Alikutana na Penseli mara mbili kwenye veranda. Mara zote mbili binti alimwamkia, "Shikamoo mwalimu," na yeye akaitikia, "Marahaba," akapita macho chini, na neno moja, moja tu, likimchoma ulimini. Alijua kinachotakiwa si hesabu tena. Mkono ule ukutani watoto wote walikuwa wanaujua. Nani atasimama aseme mwalimu wake amekosea, kwa sauti, mbele ya mwalimu wa taaluma, na sauti yenyewe ibaki imerekodiwa? Na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha wamwamini kiasi hicho.

Ijumaa mchana walikaa watatu ofisini kusikiliza. Rekodi ya kwanza: "Hatua ni sahihi kwa sababu mwalimu amezipanga vizuri." Ya pili: sahihi. Ya tatu: "Sahihi kabisa, asante." Mama Hatua alihesabu kwa vidole chini ya meza. Mvulana mmoja mcheshi alisema jibu linamtia wasiwasi lakini yeye si mtu wa kutafuta ugomvi. Wawili walisema alama ilitakiwa kugeuka, bila kuweza kusema kwa nini. Mwalimu wa taaluma hakutoa hata tabasamu la ushindi, na hilo Mama Hatua alilishukuru moyoni.

Kisha ikafika moja iliyoanza na ukimya. Sekunde kumi, ishirini. Pumzi tu. Mkuu wa shule akanyoosha kidole ili aipite.

"Tafadhali," Mama Hatua akasema. "Subiri."

Sekunde ya arobaini kitu kikagonga kioo, labda kucha. Na sauti ikaja, nyembamba, ikitetemeka mwanzoni kisha ikazidi kukaza kwa kila neno.

"Jibu hili linasema x ni kubwa kuliko tatu. Nimeichukua nne, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Nimeirudisha mwanzo. Mbili mara nne ni nane. Saba toa nane ni hasi moja. Hasi moja si kubwa kuliko moja. Nne imekataa. Nimechukua tano, ikakataa zaidi. Nimechukua mbili. Saba toa nne ni tatu. Tatu ni kubwa kuliko moja. Mbili imekubali, lakini jibu hili limeiacha mbili nje. Kwa hiyo alama ilitakiwa kugeuka pale tulipogawa kwa hasi, kwa sababu kwenye hasi iliyo mbali zaidi na sifuri ndiyo ndogo." Akavuta pumzi. Ikaonekana amemaliza. Hakuwa amemaliza. "Huu ni mkono wa mwalimu wangu. Namheshimu sana. Lakini nne inakataa."

Mama Hatua alilia, waziwazi, miwani ikiwa mkononi, bila kutafuta kisingizio cha vumbi. Furaha ilimzidi nguvu. Alikuwa amekosolewa vizuri kuliko alivyowahi kumkosoa mtu yeyote.

Mwalimu wa taaluma aliinamia karatasi yake muda kidogo. "Huyu ndiye yule asiyesema?" akauliza.

"Ndiye."

"Irudishe mwanzo," akasema. "Nataka kumsikia tena."

Wakaisikiliza mara ya pili, pamoja na ukimya wake, hakuna aliyenyoosha kidole kuipita. Kisha mwalimu wa taaluma akaandika tano, akajumlisha, akasema, "Sitini na mbili," na mkuu wa shule akaivuta orodha, na chini ya jina la mwisho akaliandika kwa mkono jina la binti wa fundi friji.